Anasoma Kama Maji, Lakini Ameelewa Nini?

Ukifungua simu siku hizi hukosi kukutana na video ya mtoto wa darasa la kwanza au la pili anayesoma ukurasa mzima bila kumeza mate. Mzazi au mwalimu ameshika saa, mtoto anatiririka, na chini yake pongezi zinamiminika: shule hiyo iko wapi, ada yake ni kiasi gani, mwalimu wake Mungu amzidishie. Hapo hapo utakutana na matangazo ya watu wazima: kozi ya wiki chache itakayokuwezesha kusoma maneno elfu moja kwa dakika na kumaliza kitabu kwa jioni moja. Video na matangazo hayo yamesimama juu ya imani moja, kwamba anayesoma haraka ndiye anayesoma vizuri. Naamini hapo tumeshika mkia tukidhani ni kichwa. Upo mwendo wa chini ambao asiyeufikia haambulii kitu, na watoto wetu wengi bado hawajaufikia. Lakini mtu akishauvuka, kasi huja kwa sababu anaelewa. Kumhimiza akimbie zaidi hakumwongezei uelewa, na mara nyingi humpunguzia. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe ya kuwa waangalifu, kwa kuwa maandishi yetu humruhusu mtu kusoma kwa kasi kubwa jambo asilolielewa hata kidogo.

Kipimo cha maneno kwa dakika hakikuzuka hewani. Tangu mwaka 2006 taasisi ya RTI ya Marekani ilianza kutengeneza upimaji wa kusoma kwa madarasa ya awali unaojulikana kwa kifupi kama EGRA, na katika miaka iliyofuata ukasambaa katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mtoto hukaa peke yake na mpimaji, hupewa hadithi fupi, saa huwashwa, na baada ya sekunde 60 huhesabiwa maneno aliyoyasoma sawasawa. Kisha huulizwa maswali machache kuhusu hadithi hiyo. Tanzania, ilipoelekeza nguvu kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, iliweka lengo la mwanafunzi wa darasa la pili kusoma maneno 50 kwa dakika, tena ajibu sawasawa asilimia 80 ya maswali. Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015, iliweka maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Tazama lengo la Tanzania lina sehemu mbili, kasi na majibu. Njiani, kati ya kipimo hicho na video za kwenye simu, sehemu ya pili imedondoka.

Imedondoka kwa sababu inayoeleweka. Kasi huhesabika, na mzazi aliyesimama mlangoni mwa darasa anaweza kuisikia kwa masikio yake. Uelewa hausikiki mpaka uulize. Na kuna kasoro ndani ya kipimo chenyewe ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kwa kawaida mtoto huulizwa maswali ya sehemu aliyofika tu ndani ya dakika yake, na karatasi huondolewa mbele yake kabla hajaulizwa. Aliyesoma taratibu akaishia katikati ya hadithi hapati nafasi ya kujibu maswali ya mwisho, hata kama alichokisoma amekielewa barabara. Ripoti ikitoka inaonyesha kwamba wenye kasi ndio wenye uelewa, nasi tunaipokea kama ugunduzi kuhusu akili za watoto, ilhali sehemu ya uhusiano huo imetengenezwa na saa yenyewe.

Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani. Desemba iliyopita nilikaa barazani na mpwa wangu wa darasa la pili, mtoto aliyekwisha kusifiwa shuleni kwa kusoma. Nikampa hadithi ya msichana aliyetumwa chumvi na bibi yake. Njiani akaona mwembe, akaiweka sarafu juu ya jiwe ili apande kuangua embe, na aliposhuka hakuikuta. Akarudi nyumbani analia. Mpwa wangu aliisoma kama cherehani, bila kukosea hata silabi. Nikamuuliza: kwa nini alirudi bila chumvi? Akajibu, "Kwa sababu alitumwa dukani." Nikamuuliza tena, akatazama miguu yake, kisha akasema, "Mjomba, nisome tena?" Safari ya pili alisoma kwa sauti ya chini, kidole juu ya mstari, na alipofika kwenye neno "hakuikuta" alisimama. Akarudi sentensi moja nyuma, kwenye jiwe. "Aa! Kumbe pesa haikuwepo!" Mara ya kwanza neno hilo alilitamka vizuri kabisa. Mara ya pili ndipo alipolisoma.

Neno hilo moja linastahili kukaguliwa, kwa maana ndani yake ndimo ilimo tofauti yetu na lugha ambazo takwimu nyingi za kasi zimetoka. "Hakuikuta" limebeba mtendaji, wakati uliopita, ukanushi, kitendo, na hiyo "i" ndogo inayorudi nyuma kuishika sarafu iliyotajwa kabla yake. Mwingereza hutumia maneno matano kusema jambo hilo. Ndiyo maana lengo la Kenya la maneno 45 kwa Kiswahili si dogo kuliko lile la 65 kwa Kiingereza. Maneno yetu ni mazito zaidi, na mzazi anayechukua namba ya mtandao iliyopimwa kwa Kiingereza akamlinganisha nayo mwanawe anayesoma Kiswahili anapima unga kwa mita. Lakini uzito huo una jambo jingine. Wanaofundisha kusoma kwa kasi huwaambia wanafunzi wao waruke maneno madogo madogo, washike makubwa yenye maana. Katika Kiswahili maneno madogo yamo tumboni mwa makubwa. Amempiga, amempigia, amepigwa, amepigiwa: jicho linalokimbia huona "piga" na kuendelea, na nani amemfanyia nani nini kinabaki nyuma. Atakuja na hatakuja hutofautiana kwa herufi moja. Akirejesha na asiporejesha hutofautiana katikati ya neno, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hata hatazami.

Kisha kuna wepesi wa tahajia yetu, ambao ni neema na mtego kwa wakati mmoja. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu na silabi zenzake, anaweza kutamka karibu kila neno la Kiswahili lililoandikwa, hata ambalo hajawahi kulisikia. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Mara nyingi hawezi kulitamka neno sawasawa kama halijui. Kwake kutamka vizuri ni dalili fulani ya kujua. Kwa mtoto wetu si dalili ya kutosha. Mpe wa darasa la tatu aya ya sheria ya ardhi, ataisoma kwa sauti na utaelewa wewe unayesikiliza, yeye asielewe.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili na utafiti wowote. Chuoni, mtoto hufundishwa kuisoma Qur'ani kwa herufi na vituo vyake, hata akahitimu juzuu zote 30, na hakuna anayedhani kwamba kuhitimu huko ndiko kuifahamu. Tafsiri ina darsa zake, na mwalimu wake, na miaka yake. Na hata katika usomaji wenyewe wa sauti, Sura ya Al-Muzzammil, aya ya 4, inaamrisha kusoma kwa tartili, yaani kwa utulivu na utaratibu. Wajuzi wa tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, wanatambua mwendo wa kasi, ila kwa sharti kwamba hakuna haki ya herufi itakayopotea. Utamaduni huu umetenganisha vitu vitatu, kutamka, mwendo na kufahamu, na kukipa kila kimoja heshima yake. Ajabu ni kwamba mtoto yule yule akitoka chuoni akaenda shule ya serikali, tunavichanganya vyote vitatu kuwa namba moja.

Wanaoitetea kasi wana hoja, na hoja yao iliyo na nguvu lazima ipewe haki yake. Akili ya binadamu hushika mambo machache kwa wakati mmoja, na kwa muda mfupi. Mtoto anayesoma "a-li-po-shu-ka" kwa sekunde nane, akivuta kila silabi kama anavuta ndoo kisimani, anapofika kwenye nukta amekwisha kusahau sentensi ilianza na nani. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako: maana imeondoka zamani. Nguvu zake zote zimeishia kwenye herufi na hazikubaki za kufikiria. Hapo kasi, au tuseme kutamka kusikohitaji tena kufikiriwa, ni lango ambalo haliepukiki. Waliopigania kipimo cha dakika moja waliona madarasa ambamo watoto walimaliza miaka miwili au mitatu bila kulifikia lango hilo, na walikuwa sahihi kupiga kelele. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 naye ana hoja: kipimo cha dakika moja anakiweza, mahojiano marefu na kila mtoto hayawezi. Sipendekezi saa itupwe. Nasema lango si nyumba, na mtoto aliyelivuka hahitaji tena kupimwa jinsi anavyoliingia kwa mbio.

Hoja dhaifu ni ile ya kozi za watu wazima, kwamba macho yanaweza kufunzwa kumeza mstari mzima au hata ukurasa kwa mtazamo mmoja, na kwamba ile sauti tunayoisikia kichwani tukisoma ni kizuizi cha kuondolewa. Madai haya yana umri mrefu. Nchini Marekani Evelyn Wood aliyageuza kuwa biashara kubwa tangu mwaka 1959. Yanagonga ukuta wa mwili wenyewe. Jicho halitelezi juu ya mstari, huruka na kutua, huruka na kutua. Kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde, na kwa wasomaji wa Kiingereza kila mruko huvuka kama herufi saba hadi tisa. Sehemu ya jicho inayoona herufi kwa ukali wa kutosha kusomeka ni ndogo mno, pale katikati tu. Pembeni yake huona ukungu. Hakuna zoezi linaloongeza sehemu hiyo. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2016, Keith Rayner na wenzake walikusanya ushahidi wa miongo mingi na kuhitimisha kwamba kasi na usahihi hubadilishana: ukiongeza mwendo sana, unalipa kwa uelewa. Na sauti ya kichwani, waliyoambiwa wanafunzi waizime, inasaidia kuelewa maandishi magumu.

Waliohitimu kozi hizo nao waliwahi kupimwa. Miaka ya 1980 Marcel Just na Patricia Carpenter, pamoja na wenzao, waliwalinganisha na wasomaji wa kawaida, na pia na watu wasio na mafunzo yoyote walioambiwa tu wapitishe macho. Katika maandishi mepesi wenye mafunzo waliwashinda kidogo wapitisha macho katika kushika kiini cha habari. Katika maelezo ya ndani hawakuwashinda, na maandishi yalipokuwa magumu faida yao ilitoweka. Wasomaji wa mwendo wa kawaida waliwapita wote. Kwa hiyo kozi hizo humfundisha mtu kupitisha macho kwa ujasiri, na ujasiri huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kasi yenyewe. Mtu anayejua amepitisha macho tu atarudi akihitaji undani. Aliyeaminishwa kwamba amesoma hatarudi.

Kurudi ndiko kiini cha jambo hili. Wasomaji wazuri wa Kiingereza, katika kila miruko 100 ya macho, hurudi nyuma mara 10 hadi 15. Mwaka 2014 ilitangazwa programu iitwayo Spritz, iliyoonyesha maneno mojamoja mahali pamoja kwenye skrini ili jicho lisisafiri kabisa, na wengi wakaiona kama mwisho wa usomaji wa pole. Mwaka huo huo Elizabeth Schotter na wenzake walifanya jaribio la kufuta kila neno mara jicho linapolivuka, ili msomaji asiweze kulirudia. Uelewa ulishuka. Mpwa wangu aliporudi kwenye lile jiwe alifanya kile kile ambacho msomaji hodari hufanya, na ambacho saa ya dakika moja humwadhibu kwa kukifanya, maana kila neno linalorudiwa ni neno jipya lisilohesabiwa.

Watu wataniuliza habari za wakili anayemaliza jalada nene kwa saa moja, au mhariri anayepitia makala kumi kabla ya chakula cha mchana. Wapo, na kasi yao ni ya kweli. Imetoka wapi? Wakili amesoma hati elfu za namna ile. Anajua vifungu vya kawaida viko wapi na kipi si cha kawaida. Mpe huyo huyo kitabu cha ufugaji wa nyuki, atarudi kwenye mwendo wa sisi wote. Na mwendo wa sisi wote ni wa chini kuliko inavyotangazwa. Marc Brysbaert wa Chuo Kikuu cha Ghent, nchini Ubelgiji, alikusanya tafiti 190 na mwaka 2019 akaonyesha kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimya kimya, maandishi yasiyo ya hadithi, husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika. Hao ni watu wazima waliosoma maisha yao yote, kwa lugha yenye maneno mafupi. Anayekuahidi elfu moja anakuahidi zaidi ya mara nne.

Athari za kukosea katika jambo hili huonekana mapema, hasa lugha inapobadilika. Utafiti wa Benjamin Piper na wenzake nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, uliwakuta wanafunzi wanaosoma Kiingereza kwa kasi kubwa kuliko Kiswahili, huku uelewa wao katika hicho Kiingereza ukiwa mdogo kuliko katika Kiswahili. Ungewapima kwa saa peke yake ungesema Kiingereza chao ndicho bora. Tanzania Bara nako mtoto wa shule ya serikali anayeingia kidato cha kwanza hukutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza, baada ya miaka ya msingi kwa Kiswahili. Kama alizoea kwamba kusoma ni kufika mwisho wa ukurasa, atafika mwisho wa ukurasa wa baiolojia pia. Atanakili, atakariri, na hakuna atakayegundua mpaka swali la mtihani limwambie "eleza kwa nini".

Watu wazima nao hawajasalimika, kwa sababu simu imetufundisha mwendo wake. Uchambuzi wa tafiti 54 uliochapishwa mwaka 2018 na Pablo Delgado na wenzake, wenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba watu huelewa maandishi ya maelezo vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, na pengo hilo huongezeka wanaposoma kwa muda uliobanwa. Kwa hadithi pengo halikuonekana. Sasa fikiria masharti ya mkopo wa simu: maelezo, kwenye skrini, kwa mtu mwenye haraka ya pesa. "Mkopaji asiporejesha ndani ya siku 14 atatozwa." Kidole kinateleza, kinabonyeza "Nakubali". Anayesema Waswahili hawasomi masharti anawaonea. Wengi wanayasoma, kwa mwendo ule tuliousifu kwao tangu darasa la pili.

Basi shuleni kifanyike nini? Dakika moja ibaki kwa mtoto ambaye bado anavuta silabi, maana huyo anahitaji kugunduliwa mapema. Aliyekwisha kufika 45 au 50 aachwe kuhesabiwa, na muda huo upelekwe kwenye maswali. Maswali yaulizwe karatasi ikiwa mbele yake, akiruhusiwa kurudi. Wizara ikichapisha matokeo itenganishe waliosoma kwa kasi na walioelewa, ili mzazi aone namba mbili badala ya moja. Na mwalimu mwenye wanafunzi 90, ambaye hawezi kuwahoji wote, anaweza kuwauliza watano kila siku swali moja baada ya jibu lao: nionyeshe neno lililokuambia hivyo. Kwa wiki tatu tukihesabu Jumamosi, au tatu na ushee bila hiyo, darasa zima limepitiwa. Mtoto anarudi kwenye ukurasa, kidole kinatafuta, kinapita mwembe, kinapita jiwe, kinatua juu ya "hakuikuta".